Mwalimu Salome Hakuwa Mpole

Salome Castory aliripoti kazini katika shule ya sekondari ya kata, Kwedizinga, Jumatatu tarehe 9 Januari 2006. Alishuka na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, ndoo ya plastiki iliyojaa vitabu vya baiolojia na kemia, na jozi moja ya viatu vya kufunga ambavyo vumbi la Handeni lilivibadilisha rangi kabla hajafika ofisini.

Mtu wa kwanza kuongea naye hakuwa mwalimu. Alikuwa Tatu Mbwana, mkulima wa mahindi ambaye shamba lake limepakana na kiwanja cha shule. Siku hiyo Tatu alikuwa anarudi na kuni kichwani, akamkuta mgeni amesimama na mkuu wa shule. Walikuwa rika moja, hakuna aliyestahili shikamoo ya mwenzake.

"Habari ya safari, mwalimu? Umetokea wapi?"

"Mazinde."

"Mazinde kuna mkonge. Watu wa Mazinde wote wana kwao kwingine. Babu yako alitoka wapi?"

"Tabora. Aliletwa kukata mkonge enzi za manamba."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

Tatu alishusha mzigo wa kuni, akauinua tena, akaubandika kichwani kwa mwalimu mgeni. "Basi kazi yenu unaijua. Twende."

Mkuu wa shule wa wakati huo alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, hakuwahi kusikia kwamba Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara ya wapagazi. Alishtuka, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya kijiji kizima. Salome alimnyamazisha kwa mkono. Alizibeba kuni mpaka uani kwa Tatu, akazitua kwa kishindo, akauliza, "Ndani kuna cha kula, au Wazigua mngali mnaisubiri mvua?"

Urafiki wao ulianzia hapo, na haukuwahi kuwa na siku ya maneno mazuri. Asubuhi Salome alipopita kwenda darasani Tatu alimtukana, jioni alipopita kurudi yeye akamjibu. Ramadhan, mume wa Tatu, alikuwa akisema kwamba nyumba yake haihitaji saa ya ukutani. Salome hakuolewa, na aliyemuuliza sababu alipewa swali la kemia badala ya jibu. Sikukuu za Idi alizila kwa Tatu. Krismasi alikwenda Mazinde kwa kaka yake, Gregori, na akirudi alilalamika kwamba huko kila mtu anamheshimu mpaka anachoka.

Kwa watani, mauti nayo ina kazi yake. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kucheka msibani, na ni wajibu wake kuwachekesha wengine. Huvaa nguo za marehemu, humwigiza anavyotembea na anavyosema, huyataja mabaya yake yote, kisha hulizuia jeneza mpaka wafiwa wamwombe yaishe. Kwedizinga husema kwamba mtu aliyezikwa bila mtani amezikwa kama mpita njia. Tatu na Salome walikuwa wameahidiana hilo mara nyingi, tena kwa vitisho. "Ukinitangulia nitakuaibisha mpaka padri acheke," Tatu alisema. Salome alijibu kwamba yeye angevaa khanga za Tatu na kulala katikati ya barabara ya Korogwe, ili hata wenye magari wajue Mzigua amekufa.

Jumanne ya tarehe 14 Mei 2024 alikufa Salome. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Namna alivyokufa ndiyo iliyoishtua kata nzima. Salome alifundisha kwa kuigiza. Shule haikuwa na vifaa vya kutosha, kwa hiyo mwili wake ulikuwa sehemu ya vifaa. Alipofundisha moyo alipiga mbio kuzunguka darasa kisha akawapa wanafunzi mkono wake wahesabu mapigo. Mwezi wa pili mwaka huu, akifundisha mzunguko wa damu kidato cha tatu, alisimama wima kama askari wa gwaride, akafumba macho, akaanguka sakafuni. Darasa lilipiga kelele. Akiwa palepale chini, macho yamefumbwa, aliuliza, "Kwa nini nimeanguka?" Hakuinuka mpaka alipopata jibu: damu imebaki miguuni, haikufika kichwani. Somo hilo hakuna aliyelisahau.

Kwa hiyo Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, alipoanguka kati ya meza na ubao, kidato cha tatu kilipiga makofi. Mmoja wa nyuma alisema, "Madam leo kapatia!" Kijana anayeitwa Valentino Isaka, mwenye alama za juu katika baiolojia, alinyoosha mkono na kusema bila kuitwa, "Damu haijafika kichwani, Madam." Wakasubiri aulize swali la pili. Waliendelea kusubiri kwa adabu, mikono juu ya madawati, hadi msichana wa mbele alipoona kwamba miwani ya mwalimu imevunjika chini ya shavu lake na mwalimu hajaitafuta.

Alifariki njiani kwenda Korogwe. Daktari aliyempokea hospitalini alieleza kwamba mshipa mkubwa ulikuwa umepasuka katika ubongo, na kwamba hata kama wangemkimbiza sekunde ileile, hali isingekuwa tofauti. Mkuu wa shule alikwenda darasani kuwaambia hayo. Waliitikia "Ndiyo, mwalimu," wote kwa pamoja, na tangu hapo hawakusema lingine. Wazazi walisimulia kwamba watoto wanakula wakiambiwa kula na kulala wakiambiwa kulala.

Tatu naye alikuwa vivyo hivyo. Habari ilimkuta anaanua nguo. Salome hakuwa hodari wa kufua, na koti lake jeupe la maabara lilikuwa kwenye kamba ya Tatu tangu Jumatatu. Mtu aliyeleta habari anasema Tatu alilikunja koti mara mbili, akaliweka begani, akauliza, "Nani?" Alipoambiwa tena alisema, "Haya," kisha akaendelea kuanua.

Hakulia. Lililomtisha Ramadhan zaidi ni kwamba hakutukana. Mkewe, mtu mwenye neno kwa kila mtu, alikaa mkekani siku nzima anaitikia salamu kwa kichwa. Ijumaa jioni, baada ya magharibi, Ramadhan alikaa karibu naye.

"Mama Maryamu, kesho Mazinde unakwenda?"

"Ninakwenda."

"Na ile kazi?"

Tatu aliitazama mikono yake. "Kinywa changu hakina kitu, Ramadhan. Natafuta tusi hata moja. Silioni."

"Utalipata njiani."

"Na nisipolipata? Atazikwa kimya kama mpita njia, na mtani wake nimekaa pale kama mtungi."

Ramadhan alikuwa na shaka yake nyingine, akaisema kwa upole: kule mazishi ni ya Kikristo, wanawake watakwenda hadi kaburini, na wao nyumbani kwao hawana desturi hiyo. Tatu alisema kwamba jambo hilo amelifikiria. Hakusema ameamua nini. Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa shangazi kaja, akalitia koti jeupe ndani yake.

Jumamosi fuso la kukodi liliondoka Kwedizinga na walimu, majirani, na kidato cha tatu kizima kikiwa na sare. Kwa kawaida wanafunzi wakipanda lori huimba. Hawa walifika Korogwe mjini kimya, wakaipita Mombo kimya, na lori lilipoanza kupita kati ya mistari ya mkonge ya Mazinde, kitu pekee kilichosikika kilikuwa turubai likipigwa na upepo.

Gregori aliwapokea mwenyewe. Ni fundi seremala, mwenyekiti wa kigango cha kanisa, mtu mrefu aliyenyooka, aliyevaa suti nyeusi juani. Jeneza alikuwa amelitengeneza kwa mikono yake. Alishikana mikono na kila mtu, na alipofika kwa Tatu akamvuta pembeni kidogo. Alikuwa amesikia.

"Dada, pole sana. Najua mlivyoishi na marehemu. Lakini nakuomba: hapa leo tusiwe na vituko. Padri yupo, afisa elimu anakuja. Mambo ya watani wazee wetu waliyafanya kambini kwa manamba, sisi tumeyaacha. Nataka dada yangu azikwe kwa heshima."

Kwa kawaida mtu aliyemwambia Tatu maneno kama hayo asingemaliza. Ramadhan alimgeukia mkewe, akangoja.

"Sawa, kaka," Tatu alisema.

Alikwenda kukaa na wanawake. Mfuko aliupakata.

Ratiba ilikwenda kama ilivyopangwa. Misa ilisomwa uwanjani chini ya turubai. Jeneza liliwekwa mbele, na juu yake picha ya Salome iliyopigwa studio, ambamo hakuna mtu wa Kwedizinga aliyemtambua kwa sababu alikuwa ametulia. Kisha mshereheshaji, kijana wa Mombo mwenye sauti ya redio, akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alisoma mwaka wa kuzaliwa, shule ya msingi, chuo cha ualimu. Aligeuza karatasi.

"Marehemu Mwalimu Salome alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache. Katika maisha yake yote hakuwahi kumkwaza mtu..."

"Muongo!"

Watu walifikiri wamesikia vibaya. Mshereheshaji alitafuta sauti ilikotoka. Katikati ya wanawake waliokaa chini, Tatu alikuwa amesimama.

"Mpole nani? Huyu?" Alionyesha jeneza kwa kidole. "Jamani, mmekosea maiti! Fungueni mtazame! Mimi nimekuja kumzika Mnyamwezi mmoja mkorofi, mdomo kama kisu cha mkonge. Huyo mpole wenu simjui, mrudisheni alikotoka!"

Mstari wa mbele ulishtuka hadi viti vikalia. Afisa elimu alimtazama padri. Gregori aliinuka, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Lakini mkono wa Tatu ulikuwa tayari ndani ya mfuko, na kabla Gregori hajawapita watu waliokaa katikati, mwanamke huyo alikuwa amevaa koti jeupe, amefunga vifungo vyote, na ameinamisha bega moja.

Mtu wa Mazinde hakuona chochote cha ajabu. Watu wa Kwedizinga walipiga yowe. Lilikuwa bega la Salome lenyewe, lile lililozoea kubeba vitabu upande mmoja. Tatu alitembea hivyo kuelekea mbele, akapandisha mkono usoni, akaanza kutafuta miwani. Akatafuta mifukoni. Akatafuta chini ya kiti cha afisa elimu. "Nani kachukua miwani yangu? Ni wewe, Mzigua? Nyie mnaiba hata vitu msivyojua kazi yake!" Kisha akajigusa kwenye paji la uso, akajifanya ameikuta hapo, na walimu wawili wakaziba midomo kwa leso.

Alichuchumaa. Alianza kuokota vijiwe, kimoja kimoja, akivipangusa na kuvinusa. "Hili goti. Huu ubavu. Msimtupie mbwa! Nipeni mimi! Bibi harusi, na huo wa kwenye sahani yako, ukimaliza kuufyonza, nitunzie."

Sasa walicheka, hata waliojizuia. Kwedizinga nzima ilikuwepo kwenye harusi ya Maryamu, binti wa Tatu, siku mwalimu alipozunguka na beseni kukusanya mifupa ya mbuzi kutoka kwenye masinia. Kwa wiki mbili baada ya harusi ile alisemwa kuwa mchawi, na wazee walikwenda shuleni kudai maelezo. Salome aliwaingiza darasani. Walimkuta mbuzi amesimama mezani, mifupa mitupu, kila mmoja mahali pake, ameungwa kwa nyaya. Mzee mmoja alimzunguka mara kadhaa, akauliza kwa nini shingo ya mbuzi ina mifupa saba tu. Salome alimjibu kwamba na yake ina saba, kama ya twiga. Mzee alirudi wiki iliyofuata na wenzake ili nao waambiwe.

Haya yote Tatu aliyaigiza, la mchawi na la mzee, na Gregori alikuwa bado amesimama katikati ya viti, hajui aende mbele au akae.

Tatu alikuwa amepanga kuishia kwenye mbuzi. Ndivyo anavyosema mwenyewe. Lakini alipogeuka aliwaona kidato cha tatu. Walikaa safu mbili, sare safi, na kati ya watu wote waliokuwa chini ya turubai wao peke yao hawakuwa wamecheka. Walikuwa wanamtazama kama wanavyotazama ubao.

Alisimama wima mbele yao, mikono ubavuni kama askari. Hajui kwa nini. Anasema mwili ulikwenda wenyewe, kwa kuwa Salome alikuwa amemwigizia somo lile uani mara nyingi, naye amelikariri bila kutaka. Alifumba macho. Akaanguka.

Hakuna aliyepiga makofi. Safu mbili za wanafunzi ziliinuka kwa mara moja, viti vikaruka, na kabla mtu mzima yeyote hajanyanyua mguu walikuwa wamemfikia. Valentino aliteleza kwa magoti kwenye vumbi, akashika kichwa cha Tatu kwa mikono miwili. "Leteni gari!" alipiga kelele. "Mnangoja nini? Leteni gari! Madam! Madam!" Wengine walimshika miguu, wengine mabega, walikuwa wanamnyanyua, wanavutana, msichana mmoja akimpepea kwa daftari la nyimbo. Wanawake walianza kulia kwa woga. Ramadhan alikuja mbio, naye aliamini ameanguka kweli.

Tatu alifumbua macho juu ya mikono yao. Anasema hajawahi kuogopa kama alivyoogopa alipoona nyuso zile.

"Niwekeni chini, wanangu," alisema. "Niwekeni. Ni mimi, Mama Maryamu. Ni mimi Tatu."

Walimtazama. Walilitazama koti. Kisha Valentino akakaa chini pale pale, akalia kwa sauti kubwa, sauti ya mtoto mdogo, na darasa lote likamfuata. Tatu akawakumbatia aliowafikia, na hapo ndipo naye machozi yalipomtoka, ya kwanza tangu Jumanne.

Maoni kuhusu jambo hili yamegawanyika hadi leo. Afisa elimu aliondoka mapema. Wapo Mazinde wanaosema mwanamke yule alivuka mpaka, kwamba watoto waliokwisha kuumia hawakupaswa kutiwa hofu mara ya pili, na Tatu hawapingi. Lakini wazee waliobaki wa kambi ya zamani, waliozaliwa katika nyumba za manamba, waliinuka kwa fimbo zao wakaja kusimama mbele ya jeneza, upande wa Tatu. Bibi mmoja wao alimwambia Gregori, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Castory baba yako alizikwa hivi. Wewe ulikuwa umebebwa mgongoni, utakumbuka nini?"

Tatu alijifuta uso kwa upindo wa koti. Akakaa chini, mgongo umeegemea jeneza, miguu ameinyoosha mbele.

Wabebaji walisimama. Padri, aliyelelewa Tabora na aliyekuwa ameelewa tangu neno la kwanza, alifunga kitabu chake na kungoja. Kila mtu alijua kwamba sasa ni zamu ya mfiwa, na mfiwa alikuwa Gregori.

Gregori alivua koti la suti. Alikuja mbele taratibu, akachuchumaa mbele ya Tatu.

"Mtani," alisema. Neno lilimtoka kwa shida. "Tumekosa. Sema unachotaka, tumzike dada."

"Mmeandika mpole."

"Tutafuta."

"Kaburi mmelichukua nyie. Mimi nabaki na nini? Mnyamwezi wangu nitapita wapi kumtukana? Nataka arobaini. Ifanyike Kwedizinga, uani kwangu. Na wewe uje, uniambie mbele ya watu yale ambayo angeniambia yeye."

"Mimi sijui kutukana, dada."

"Utajifunza. Dada yako alikuja hajui kubeba kuni."

Gregori alicheka, mara moja tu, kama mtu aliyekwaruzwa. Akamnyooshea mkono. Tatu akaushika, akainuka, njia ikawa wazi.

Hakwenda kaburini. Jeneza lilipotoka yeye alivua koti, akalikunja, akakaa na akina mama waliobaki kupakua wali. Stefania, mke wa Gregori, alimletea maji ya kunawa na kiti. Kwenye nakala ya wasifu iliyobaki mezani kwa mshereheshaji, mtu alikuwa amekata kwa kalamu neno "mpole" na sifa mbili zilizofuata. Juu yake hakuandika kitu.

Arobaini itafanyika Kwedizinga, uani kwa Tatu na Ramadhan, Jumamosi tarehe 22 Juni 2024. Gregori na ndugu zake wataondoka Mazinde kwa gari la asubuhi.